Ishirini na Saba

Msimu wa korosho napima magunia ghalani Nachingwea.
Gunia lenye jiwe nalijua kwa mlio linapotua.
Najua korosho zilizolazwa nje, zinywe umande,
zije na kilo mbili za maji.
Jumamosi naibeba kalamu ileile sikioni
nakwenda klabu, kujihesabia mikwaju.

Uwanja wetu una mashimo tisa, twauzunguka mara mbili.
Zamani walilima karanga hapa, karanga zikakataa.
Yamebaki matuta, na kichuguu katikati ya njia ya shimo la nne,
na pale wenzetu wa miji mikubwa wanapootesha majani laini
sisi tuna duara la mchanga uliokandwa kwa oili chafu.
Ukimaliza, unaburuta gunia, unafuta nyayo zako.

Mgeni huuliza: hendikapu ni kitu gani?
Ni msamaha, namwambia, ila una kipimo.
Kabla ya bega nilikuwa na ishirini na mbili:
nikipiga tisini na nne, zile zangu zinaondolewa,
nabaki na sabini na mbili.
Daktari Nammohe ana tisa. Akipiga themanini na moja
naye anabaki na sabini na mbili.
Tunafika mlangoni pamoja, mpima korosho na daktari,
hakuna anayempisha mwenzake.

Kadi zetu anazitunza Mwalimu Bibiana
kwenye kopo la biskuti, ishirini za mwisho za kila mtu.
Anachagua nane zilizo bora, anajumlisha, anagawa.
Nikamuuliza: na zile kumi na mbili?
"Hizo," akasema, bila kuinua miwani,
"ni za kukukumbusha ulikotoka."

Sasa Mchopa.
Mwaka wa sita huu yuko palepale, ishirini na nne.
Kadi zake mbovu hufika zimenyooka kama kanzu ya Idi,
kadi zake nzuri huliwa na mbuzi njiani,
na kila Desemba beberu wa mashindano
analala nyumbani kwa Mchopa.
Daktari naye anaficha zile mbovu.
Ile tisa anaivaa kama koti la harusi:
vifungo havikutani tena, ila halivui.
Huyu kaongeza jiwe, yule kapunguza korosho.
Nimewacheka wote wawili, miaka.

Kisha Oktoba nikateleza kwenye ngazi ya ghala.
Bega likapona kwa jina tu.
Mia na kumi na mbili. Mia na tisa. Mia na kumi na tano.
Kadi tatu, zimesainiwa, halali,
zikakaa wiki tano ndani ya pochi yangu
chini ya dawa ya kuchua.
Mimi, mpima.

Siku hiyo, shimo la saba, mpira ulizama
kwenye majani makavu ya mkorosho.
Nikainua fimbo, nikapiga,
nikapiga hewa. Hata jani halikushtuka.
Wenzangu walikuwa ng'ambo wakibishana juu ya mpira wa nani.
Zuberi, aliyenibebea fimbo, akatazama viatu vyake,
kijana mwenye adabu.
Nikasema kwa sauti: mmoja.
Nikaandika. Mkono haukupenda.

Mia na kumi na tatu.
Nikazitia koponi zote nne, kifuniko kikalia.
Bibiana akakokotoa mpaka chai ikapoa.
"Kwa mwaka huwezi kupanda zaidi ya tano," akasema,
"hata kuanguka kuna kanuni yake."
Akafuta ishirini na mbili, akaandika ishirini na saba,
kwa penseli. Daima anaandika kwa penseli.

Jumatatu mkulima wa Naipanga akaniuliza,
gunia lake likiwa bado linaning'inia:
Mama Somoe, mizani yako haikosei?
Inakosea, baba, nikamwambia.
Ndiyo maana kila asubuhi, kabla hamjafika,
naipima yenyewe.